Maharagwe Kando ya Sahani

Kwa miaka kumi na moja nilifundisha Sayansikimu katika shule moja ya msingi karibu na Masii, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kukutana na swali la chakula lililonishinda. Niseme ukweli, nilikuwa na kiburi kwa hilo. Wanawake wa kanisani waliniuliza mtoto asiyenenepa alishwe nini, aliyetoka kujifungua apewe nini, nami nikawajibu bila kupepesa macho. Ukutani mwa darasa langu palikuwa na chati niliyoichora kwa mkono wangu: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kulinda mwili, vyakula vya kujenga mwili. Kwenye fungu hilo la mwisho nilibandika maharagwe halisi kwa gundi. Panya waliyala, nikabandika mengine. Chini yake niliandika kwa wino mwekundu: PROTINI HUJENGA MWILI. Darasa la sita waliiimba sentensi hiyo kila Jumanne kabla sijakaa.

Baba yangu alilima na kufuga. Mimi nilipewa jina la mama yake, na kwa desturi yetu Wakamba aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Hiyo ilikuwa nyumbani. Mbele za watu aliniita Mwalimu, tena kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Alinisomesha wakati majirani walimwambia kwamba binti ni wa kuolewa, na nilipohitimu chuo alitembea soko zima siku ya mnada akiwasalimia hata watu asiowajua, ili wamuulize habari za nyumbani.

Yeye mwenyewe hakwenda shule. Alijitapa kwamba Kiingereza chake kilikuwa maneno matatu, aliyoyaokota kwenye foleni ya chakula cha msaada ule mwaka wa ukame, mimi bado mchanga, watu walipokula mahindi ya njano. Tulipomuuliza ni maneno gani, alicheka akasema ameyaweka akiba, tusije tukayamaliza.

Alianza kuugua mwishoni mwa miaka ya tisini. Kwanza suruali ikawa haikai kiunoni, kisha maumivu chini ya mbavu za kulia, halafu asubuhi moja mama akaniita nimtazame macho. Yalikuwa ya manjano. Hospitali ya karibu ilitupa barua ya kwenda Nairobi, na Nairobi walimpima damu, wakampiga picha ya tumbo, wakatuambia turudi.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, mtaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliposikia mimi ni mwalimu alihamia Kiingereza papo hapo. Sikuona ajabu. Sisi tuliosoma tulikuwa tumezoea hivyo: kuzungumza Kiingereza juu ya vichwa vya wazazi wetu, wao wakiwa wamekaa katikati yetu na kofia magotini. Akaniambia ni saratani ya ini.

Watu wa Pwani wakipata habari ya kuumiza husema imewakata maini. Nilikuwa nimewafundisha watoto msemo huo katika somo la Kiswahili, na nikawapa mifano ya sentensi. Siku ile niliusikia mwilini. Nilishika ukingo wa meza na kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba baba alikuwa amevaa shati lake jipya.

"Upasuaji?" nikauliza.

"Imechelewa. Imeshaanza kutoka kwenye ini."

Nikamuuliza inatokaje. Lilikuwa swali la mwalimu, najua, lakini nilihitaji kushikilia kitu. Daktari akageuza fomu akachora nyuma yake. Alichora ini, na ndani ya ini akachora seli zimepangwa vizuri, na kuzizunguka akachora ukuta. Seli nzuri, akasema, hukaa mahali pake kwa sababu zimeshikana na kwa sababu ukuta upo. Hizi za saratani zina ujanja. Zina protini inayoyeyusha ukuta. Ukuta ukitoboka, zinaachana na wenzao, zinaingia kwenye damu, na damu inazipeleka kwenye mapafu, kwenye mifupa, popote. Akachora mishale. Kisha akafungua faili la baba akagonga mstari mmoja kwa kalamu. Kulikuwa na protini nyingine ambayo ini lenye uvimbe huimwaga kwenye damu, na ya baba ilikuwa juu sana.

Neno lile lilinikuta kana kwamba niko nyumbani kwangu. Daktari alikuwa ametaja mambo mengi ambayo sikuyaelewa, na mimi nilikaa nikiyaacha yapite, mpaka aliposema protini. Hilo nililijua. Nilikuwa nimelibandika ukutani kwa gundi. Karibu nifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu sasa adui alikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa kwenye silabasi yangu. Protini hujenga mwili. Basi inajenga na uvimbe. Basi tuunyime. Sikumwuliza daktari, kwa kuwa mtu haulizi anachofundisha.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi la korido. Baba akaniuliza kwa Kikamba, "Daktari anasemaje, mwaitu?"

Kwamba hatapona sikumwambia. Nilimwambia ana uvimbe kwenye ini, na kwamba uvimbe unaenea kwa sababu ya protini.

"Protini ni nini?"

Kwa Kikamba chetu neno hilo halipo. Nikachukua lile la darasani. Nikamwambia ni kile kinachojenga mwili, kilichomo kwenye maharagwe, mayai, maziwa na nyama.

"Kwa hivyo maharagwe ndiyo yananila?"

"Ndiyo, Asa," nikasema. Ndivyo tunavyomwita baba.

Akawaza kidogo. "Na miaka yote hii nadhani ni mimi nayala."

Tulicheka wawili kwenye benchi lile. Ndicho kicheko cha mwisho tulichocheka nikiwa sina kosa.

Nyumbani nilitoa amri. Nilimkalisha mama jikoni nikamhesabia kwa vidole: asipewe maharagwe, kunde, mbaazi, mayai, maziwa, nyama wala kuku. Apewe uji mwepesi wenye sukari, viazi vitamu, mboga, chai ya rangi. Mama aliniuliza mara moja tu kama nina hakika, kwa sababu mgonjwa kwa desturi hupewa supu. Nikamjibu kwamba desturi haijaona picha ya tumbo la baba.

Sasa, chakula tunachokifia sisi Wakamba ni muthokoi. Ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakapikwa na maharagwe au mbaazi chungu kimoja, na baba hakuhesabu kwamba amekula mpaka awe amekula huo. Mama hakuwa na nguvu za kupika vyungu viwili. Kwa hiyo alipika kimoja cha nyumba nzima, kisha akachukua sahani ya baba, akaiweka mapajani, akachambua maharagwe moja moja kwa vidole na kuyasogeza kando. Macho yake hayakuwa mazuri. Baba alikaa mbele yake akisimamia kazi.

"Umeacha moja hapo," alisema akimwonyesha kwa kidole. "Hilo nalo. Mwalimu atatupiga."

Nilikuwa nikipita nikitoka shuleni nawaona hivyo, wazee wawili wameinamia sahani, na moyo wangu ukajaa. Nilidhani ninaona familia inapigana vita pamoja.

Baba alikuwa na rafiki, mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyekuwa amekaa Masii tangu kabla sijazaliwa. Walikuwa wameuziana ng'ombe miaka na miaka, na kila mnada walibishana mpaka watu wakadhani watapigana, kisha wakaenda kunywa chai. Aliposikia baba anaumwa akaja na mtungi mdogo wa plastiki wenye maziwa ya ngamia. Nilimkuta langoni.

"Hii ni dawa, Mwalimu," akasema. "Kwetu mtu akiwa mgonjwa hii inamsimamisha."

Nikamweleza habari ya protini. Nilimweleza kirefu, nikiwa nimesimama katikati ya njia. Akanisikiliza, akautazama mtungi, akautazama uso wangu.

"Sasa mimi sijasoma," akasema. "Lakini maziwa kuua mtu, hiyo sijaona."

Akaondoka nao. Wiki iliyofuata akaja tena nao, na wiki iliyofuata, na kila mara nikamrudisha kwa adabu.

Baba alikonda. Mashavu yaliingia, mapaja yakaisha, pete ya ndoa mama akaifunga kwenye kitambaa kwa sababu ilikuwa inaanguka. Nilikuwa na maelezo ya kila kitu. Nilisema uvimbe umekosa chakula na sasa unapungua, na mwili lazima upungue nao kwanza. Kila jioni alikuwa na mazoea ya kwenda zizini kuwagusa ng'ombe mgongoni kabla hawajafungiwa. Siku moja magoti yalimwacha njiani akakaa chini kwenye mavumbi. Alisema amekaa kupumzika. Baada ya siku hiyo hakwenda tena, ng'ombe ndio waliopitishwa karibu na mlango ili awaone.

Tulirudi Nairobi baada ya miezi miwili na nusu. Baba aliingia akiwa ameniegemea. Daktari aliinuka kutusalimia, akamwona, na mkono wake ukabaki hewani.

Alimlaza akampapasa tumbo, akamshika mikono, akambonyeza miguu. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza mzee anakula nini. Nilikuwa nimeingojea siku hii. Nilikuwa na daftari. Nikamsomea wiki baada ya wiki, uji, viazi, mboga, chai ya rangi, na nikamwambia kwa fahari kwamba tangu siku ile hajaonja protini hata kidogo, hata punje ya maharagwe.

Daktari aliiweka kalamu mezani polepole.

"Nani alikwambia umfanyie hivyo?"

"Wewe," nikasema. "Ulisema ni protini inayoieneza."

Daktari akaanza kuniambia, taratibu, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Protini aliyoizungumzia haikutoka kwenye sahani. Mwilini mna protini maelfu kwa maelfu, kila moja na kazi yake, na ile inayoyeyusha ukuta seli za saratani hujitengenezea zenyewe. Mgonjwa akila ng'ombe mzima zitaitengeneza. Mgonjwa asipokula kitu zitaitengeneza vilevile, kwa kula nyama ya mwili wake. Ukimnyima maharagwe, unamnyima yeye. Uvimbe huunyimi chochote.

"Hangepona," akasema. "Lakini angekuwa na nguvu. Angekuwa anatembea."

Akamtazama baba aliyekuwa akifunga vifungo vya shati, kisha akasema maneno ambayo nitayaandika kama alivyoyatamka. Akasema, "He is starving." Anakufa njaa. Alisema si ugonjwa uliomkondesha hivi, au si ugonjwa peke yake. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hata yeye angepaswa kunieleza vizuri zaidi, na hilo ndilo lililonivunja kabisa, kwa maana alikuwa anajaribu kunipunguzia mzigo na mzigo haukupungua.

Masikio yangu yalijaa upepo. Niliona mama na sahani mapajani. Niliona mtungi wa plastiki ukirudi barabarani mara sita, mara saba. Nilitaka sakafu inimeze, na sakafu ilikuwa ya simenti.

"Anasemaje, mwaitu?" baba akauliza.

Mimi ndiye mkalimani. Katika chumba kile hakukuwa na mtu mwingine wa kusema Kikamba. Nikafungua mdomo nikasikia sauti yangu ikisema, "Anasema protini imeshuka. Sasa unaweza kula maharagwe."

Baba alinitazama. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikainama kuokota kofia yake ambayo haikuwa imeanguka. Kisha akasema, "Umefanya vizuri. Twende nyumbani tukale."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu huinama hata hivyo akajaribu kuyazoa kwa viganja. Kesho yake nilikwenda hadi kwenye boma la yule Msomali nyuma ya soko la mifugo. Hakunisimanga. Aliuliza tu, "Leo imeruhusiwa?" Nikasema imeruhusiwa. Akaingia ndani akatoka na mtungi, na macho yake aliyaweka pembeni wakati nikilia. Mama akapika maharagwe yenyewe bila mahindi, yakaiva mpaka yakapondeka. Baba alikula vijiko vitatu. Tumbo lilikuwa limeshasahau, likakataa cha nne. Maziwa aliyaweza, kikombe asubuhi na kikombe jioni, na jioni moja alifika zizini kwa fimbo na bega langu, akawagusa ng'ombe wawili. Wa tatu hakumfikia. Alikufa kabla ya mvua za vuli.

Lakini kabla hajafa aliongea. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alimwambia habari moja. "Huyu Mwalimu wangu," alisema, "aliishusha hiyo protini kwa chakula tu. Hata daktari wa Nairobi alishangaa." Wageni waligeuka kunitazama, nami nilikuwa nimeshika birika la chai. Wengine walinishika mkono. Kila sifa iliniingia kama mwiba, nikatabasamu, nikamimina chai. Nilijiambia nitasema ukweli akipona kidogo. Kisha nikajiambia nitasema baada ya mazishi. Pale kaburini mhubiri naye akalitaja jambo lile, akamshukuru Mungu kwa watoto wanaosoma na kurudi kuwatunza wazazi. Nilikuwa nimesimama kwenye udongo mwekundu na viatu vyangu vya shule, na sikusema.

Wiki ya pili baada ya mazishi, nikiwa bado kwa mama, alikuja mama mmoja jirani, mtu mzima, tuliyeimba naye kwaya. Alikuwa amebeba kikapu. Akakitua mezani akafunua kitambaa, na ndani mlikuwa na mayai, labda thelathini, yamepangwa kwenye majani makavu.

"Nimekuletea, Mwalimu," akasema. "Yamejaa kwa nyumba na mzee wangu siku hizi hayali."

"Hayali kwa nini?"

"Si ni tumbo? Limefura tangu mwezi jana. Nikakumbuka vile baba yako alisema. Nimemtoa mayai, nimemtoa maharagwe, maziwa nimemtoa. Anakunywa tu uji." Akatabasamu. "Amekonda vizuri."

Sijui niliketi vipi. Nakumbuka nikiyatazama yale mayai na kuyaona yote kwa wakati mmoja, na kuona mishale ya daktari nyuma ya ile fomu, ikitoka kwenye ini ikienda huku na huku. Lile neno langu nalo lilikuwa limetoboa ukuta. Lilikuwa limetembea kutoka mdomo hadi mdomo, na limefika katika nyumba ambayo mimi sikuingia, na mle ndani mtu alikuwa analala njaa akiamini anatibiwa.

Mama yangu alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, akichagua mbegu. Nilijua atasikia. Nikasema hivyo hivyo.

Nikamwambia yule mama arudishe mayai sasa hivi, ampikie mumewe mawili kabla jua halijatua, ampe na maziwa, na kesho asubuhi ampeleke hospitali, mimi nitawasindikiza. Akaniuliza kwani protini imebadilika. Nikamwambia haijawahi kuwa vile nilivyosema. Nikamwambia nilikosea, kwamba daktari hakusema vile, kwamba baba hakushushiwa kitu chochote. Nikamwambia nilimnyima baba yangu chakula miezi miwili na nusu, na daktari aliponiambia, nilimdanganya baba machoni pake ili asijue ni mimi.

Yule mama aliziba mdomo kwa kitambaa cha kikapu. Alinitazama kama mtu anayemtazama nyoka kwenye kitanda cha mtoto. Kisha akafunika mayai yake, akabeba kikapu, akaondoka kwa haraka bila kuaga, na hilo lilikuwa jema, kwa maana haraka ndiyo niliyoitaka. Mumewe alipelekwa hospitali kesho yake. Tumbo lake lilikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, wenye dawa, na aliishi.

Lakini hayo yalikuwa ya kesho. Jioni ile tulibaki mama na mimi. Vidole vyake viliendelea na mbegu. Vidole vile vile vilivyochambua maharagwe. Nilingoja anilaani, na ningeipokea laana hiyo kwa mikono miwili.

"Alijua," mama akasema.

Sikuelewa.

"Babako. Mlipotoka Nairobi mara ya pili aliniambia usiku huo huo. Yale maneno matatu ya daktari aliyajua. Mwaka wa mahindi ya njano karani wa msaada alikuwa anapita kwenye foleni, akikuona umeisha anasema hayo maneno, na unapewa gunia kwanza. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo, na wewe nikiwa nimekubeba mgongoni."

Nikakumbuka kofia niliyoiokota ambayo haikuwa imeanguka.

"Basi kwa nini aliwaambia watu wote..."

"Alisema ukijulikana umekosa, hakuna mtoto atakusikiza tena darasani. Akasema wacha ijulikane yeye alipona kidogo kwa chakula chako." Mama akapuliza makapi. "Hakufikiria ya mayai ya watu. Alikufikiria wewe tu. Akaniambia nisikuambie mpaka useme mwenyewe. Akasema, siku atasema, mwambie sikukasirika."

Akamaliza ungo, akaugonga ukingoni, akausimamisha ukutani. Nilikuwa chini sakafuni kufikia hapo, kichwa changu kwenye magoti yake, na sikuwa na mwalimu yeyote ndani yangu.

"Na akasema nikwambie kitu kingine," mama akasema. "Mwambie, lakini yale maharagwe niliyatamani sana."